Vanishi Bado Mbichi

Mama alipolalamika kwa mara ya tatu kwamba meza ya kulia inayumba hadi mchuzi unamwagikia mapajani, binti yake aliufuta tu mchuzi. Alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na alishajua siku nyingi kwamba kubishana na mama yake ni kujichosha bure. Kesho yake alikitoa stoo kitanda kikuukuu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakivunja, akazipiga randa mbao zake, akaanza kutengeneza meza mpya.

Hakuna mtu aliyemfundisha useremala. Alijifunza kwa kutazama na kwa kuharibu. Miguu ya kwanza ilipishana urefu, akaikata, ikapishana tena, akaikata tena, mpaka akaogopa kwamba atabaki na kigoda. Juu alipanga vigae vya buluu na vyeupe vilivyobaki walipokarabati bafu, akavizungushia fremu pana ya mbao, akajaza mianya kwa saruji nyeupe na kuifuta kwa sponji mpaka vidole vikachubuka. Miezi miwili mizima alikuwa akitoka kwenye cherehani anaingia uani, kwenye meza.

"Hiyo ni meza au kaburi?" mama aliuliza siku moja, amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Meza, mama."

"Haya. Mimi nimeona vigae tu."

Ikabaki mbao kupakwa, na hapo ndipo alipokwama. Vigae havikuhitaji kitu, lakini fremu ndiyo ingepokea viwiko, maji, sufuria za moto na fimbo ya mama. Alitaka kitu kisicho na rangi, mistari ya mbao ionekane, na kitakachodumu. Akaenda kwa muuza rangi, mzee mmoja mwenye kucha za kila rangi aliyoiuza maishani mwake.

"Mafuta ya mbao yanapendeza kuliko yote," mzee alimwambia. "Lakini tone la maji likilala juu yake, asubuhi unakuta doa. Hii vanishi ya maji inakauka upesi na haina harufu, ila kikombe cha moto kitakuachia duara jeupe. Hii ya mafuta ndiyo ngumu. Inanuka, na inakauka kwa maringo."

"Nipe kidogo kidogo ya zote tatu."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Nataka kuona kwa macho yangu."

Mzee akacheka, akampimia kwenye vichupa.

Alipaka vipande vitatu vya mbao zilezile za kitanda, akaviandika namba kwa chaki, akavianika dirishani wiki nzima. Kisha akaanza kuvitesa. Aliviwekea kikombe cha chai inayofuka. Alivimwagia ndimu na mafuta ya kupikia, akaviacha kutwa. Alivisugua kwa sabuni na waya wa kusugulia sufuria.

"Umeanza kuzinywesha mbao chai," mama alisema. "Mimi yangu imepoa."

Namba moja ilipata doa, namba mbili ikapata duara kama alivyoambiwa. Namba tatu haikubadilika. Alipitisha kidole juu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliporudi kuchukua kopo zima la namba tatu, muuza rangi alimshika mkono kabla hajaondoka. "Sikiliza, mama. Kesho yake ukiigusa utasema imekauka. Usidanganyike. Juu imekauka, ndani bado mbichi. Siku saba usiweke hata sahani. Na usiifunike na kitu chochote mpaka mwezi uishe, itakishika kama gundi."

Akafanya kama alivyoambiwa. Alizibandika kingo za vigae karatasi ya gundi ili vanishi isizipande, akapaka mkono wa kwanza, akapiga msasa laini, akafuta vumbi, akapaka wa pili, akapiga msasa tena. Mkono wa tatu aliupaka Alhamisi, amejifunga kitambaa kichwani unywele usije ukaangukia. Alipobandua ile karatasi, meza ilitulia pale uani kama kitu kilichonunuliwa. Akasubiri mama aseme neno.

"Inanuka," mama alisema.

Jumamosi alikuja mdogo wake wa kiume. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, na kila alipokuja majirani walisimuliwa mwezi mzima. Dada mtu alikuwa akiishi na mama yao mwaka wa kumi na moja sasa, akimwogesha, akimsuka, akimpeleka kliniki, na kwa hilo hapakuwa na la kusimulia.

Yule mdogo aliizunguka meza, akaipapasa. "Nani amekutengenezea hii, mama?"

"Tumeitengeneza hapahapa nyumbani," mama akasema.

Fundi wa mapazia alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Alilisikia lile "tumeitengeneza," akaendelea kutembea.

"Mke wangu angeipenda sana."

"Basi chukua, babangu. Sisi wawili, meza kubwa ya nini? Huku itaharibika tu."

Mdogo wake akamgeukia. "Dada, hutaona vibaya?"

"Aone vibaya nini?" mama alimjibia. "Yeye atatengeneza nyingine."

Dada akaliweka sinia juu ya kiti. Maneno yalimjaa kifuani, lakini yalikuwa mengi mno, hakujua lipi litangulie. Akasema, "Chukua."

Waliipandisha kwenye gari, yeye ameshika upande mmoja. Mdogo wake akatoa nyuma ya kiti blanketi nene la sufu, akalitandaza juu ya meza vizuri, kwa upendo kabisa, akaanza kuzungusha kamba. Jua lilikuwa kali. Safari ilikuwa ya saa sita.

"Imekauka, siyo?" aliuliza, kamba mkononi.

Dada alimtazama, akalitazama blanketi. "Iguse," akasema.

Akainua pembe, akagusa. "Aa, imekauka." Akakaza kamba kwa goti.

Jumanne simu iliita, ni yule mdogo wake. Mama aliweka sauti kubwa kama kawaida yake, kwa hiyo wote wawili walisikia. Blanketi lilikuwa limeganda. Walipolivuta, fremu nzima ilibaki na manyoya, na kamba zilikuwa zimeacha mitaro pande zote nne. Nyuma yake mke wake alikuwa anacheka, si kwa ubaya.

"Nilijua," mama alisema. "Huyu dada yako hajawahi kufanya kitu kikaisha vizuri tangu utoto."

Binti akaichukua simu. "Piga msasa mpaka uone mbao, halafu upake upya."

"Nani ana muda huo, dada? Nimeshaiweka nyuma, wanawekea mabeseni ya kufulia."

Simu ikakatwa. Kwa siku tatu alikuwa ameingoja simu hiyo kwa furaha ambayo hakutaka kuitazama usoni. Sasa ilikuwa imekuja, na alichokiona ni mikono yake tu ikifuta saruji kwenye mianya, kigae kwa kigae.

"Mama," akasema. "Ile kazi haikuwa mbovu. Vanishi ilikuwa bado mbichi. Niliambiwa isifunikwe. Nilimwona anaifunika, nikanyamaza."

Mama aliigeuza shingo polepole. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Akakuuliza?"

"Aliniuliza."

Mama akailaza fimbo yake mapajani. "Meza yako mwenyewe," alisema. "Ukaiacha iharibike, ili iwe nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuiita yake. Binti akamrudishia simu.

Asubuhi iliyofuata alimletea mama chai na vidonge vyake vya presha, viwili vyeupe na kimoja cha njano, kwenye kisahani. Kwa miaka yote hiyo mama alikuwa akivitupia mdomoni kwa mkupuo, huku akizungumza jambo jingine. Safari hii alivimwaga kiganjani, akavigeuza kwa kidole, kimoja kimoja. Akakiinua kile cha njano kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndivyo vya kila siku hivi? Au hapa pia kuna unalolinyamazia?"

"Ni vilevile, mama."

"Sawa," mama akasema, lakini hakuvimeza. Aliendelea kuvitazama. Binti akasimama kando ya kiti, glasi ya maji mkononi, akimsubiri amalize.