Gauni Lililorudi Kupunguzwa Kiuno

Usiku wa jana, mvua ikipiga bati, niliota napanda mlima kwenda kwa mkwe wangu, nimebeba gauni la harusi begani, na gauni linalalamika njia nzima.

"Polepole, fundi," linasema. "Unanikunja. Mimi nina shughuli Jumamosi."

Sikushangaa. Gauni lenyewe lilikuwa kwangu tangu Alhamisi, nikiwa macho kabisa. Alilileta Bi Tabea, mtunza nyumba wa mkwe wangu, limefungwa ndani ya shuka.

"Bwana anasema lifuliwe, na kiuno kipunguzwe," aliniambia.

"Kipunguzwe kwa ajili ya nani? Yusta ameshaolewa nalo, huu mwezi wa tano."

Bi Tabea aliitazama cherehani, mimi hakunitazama. "Mama Yusta, wewe punguza tu."

Nami nikachukua chaki, nikachora. Mama wenzangu, hilo mlijue kwanza kabla hamjasikia ndoto: nilichukua chaki.

Nyumba ya mkwe wangu huku milimani Usambara inaitwa Jumba la Mikalitusi. Ilijengwa zamani za Wajerumani, ina madirisha kumi na sita, na mji wetu mzima tunaiona juu kule tukianika nguo. Bwana Ruben Shemweta alipoleta barua ya posa, Yusta alikuwa na miaka ishirini na mbili na kichwa chake kimejaa vile vitabu vya mapenzi ya kutisha anavyoazimana na wenzake, vimechanika majalada. Humo kila mwanaume mzuri ni mgane, ana nyumba kubwa na ana chumba kisichofunguliwa.

"Mama, mwanaume mwenye huzuni ndiye anayependa kweli," aliniambia.

"Huzuni haipiki uji," nikamjibu. Lakini nilijibu nikiwa nayaangalia madirisha.

Kwetu barua ya posa haijibiwi mpaka utume mtu mzima akaulize: aliyetangulia alikufa kwa nini, amezikwa wapi, nani alimwosha. Mimi sikutuma mtu. Watu wa hapa mjini wakaniuliza, "Mama Yusta, umepeleleza?" Nikawaambia wana wivu.

Kisha akaleta gauni. La marehemu mama yake, akasema, na marehemu mkewe pia alilivaa. Nikaligeuza ndani nje kama fundi yeyote. Kitambaa hakisahau sindano. Ukifumua mshono, vitundu vinabaki. Kiunoni nikakuta mistari ya vitundu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanawake wawili, mistari mitatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Nikatia mshono wangu wa nne, nikanyamaza.

Turudi ndotoni.

Getini nakuta ukungu umekaa kwenye kiti cha mlinzi, umevaa koti la mvua, una daftari la wageni mapajani.

"Jina?"

"Mama Yusta."

"Unamtaka nani?"

"Yusta."

Ukungu unapekua kurasa zilizolowa. "Yusta hatuna. Tunaye Mke."

"Basi huyo huyo."

"Amelala."

Ndilo jibu nililopewa nikiwa macho, mara nne, kwenye geti lile lile. Mara ya kwanza nilikuja na ndizi, mara ya nne nilikuja mikono mitupu ili wasiseme napeleleza.

"Miezi mitano mtu amelala?" nauliza.

"Mama, nyumba za namna hii lazima mtu mmoja awe amelala," ukungu unasema bila ukali. "Si mimi niliyeweka utaratibu. Mimi mwenyewe natakiwa nishuke kila siku saa kumi, hata nikiwa na mafua."

Kisha unaona gauni begani mwangu, unasimama. "Aa, kumbe umekuja na mzigo. Gauni linaruhusiwa. Humu kitu kinachoingia na kutoka ni gauni tu. Lishike vizuri, uonekane umebebwa nalo."

Nikapita, nimebebwa na gauni.

Nje ni saa nane mchana. Ndani ni usiku. Usiku wenyewe uko ngazini, umejikunyata, unapuliza chai.

"Nimeajiriwa wa kudumu," unaniambia. "Likizo sipewi. Angalia miguu yangu ilivyovimba."

Naupa pole. Mezani kuna mshumaa. "Shikamoo, mama," unasema, halafu unazimika. Nawasha. Unazimika tena.

"Wewe nawe!"

"Nisamehe, mama yangu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nikiwaka nikamaliza ukumbi mzima, bwana atasema sina maana."

Basi napapasa ukuta. Ukutani kuna picha tatu kubwa za mabibi harusi, wote ndani ya gauni hili nililobeba. Zimechorwa kuanzia mabegani kwenda chini. Vichwa havipo.

"Mbona hamna nyuso?" nauliza.

Picha ya katikati ndiyo inajibu. "Hakuziangalia. Yeye huangalia urefu. Mwanamke akiwa na urefu wa gauni, pindo haliguswi, mambo yanakuwa mepesi. Kiuno ni kazi ya fundi."

Hapo nikakumbuka siku ya posa. Bwana Ruben alimsimamisha Yusta kwenye fremu ya mlango wangu, akamwekea kiganja kichwani, akaacha alama ukutani kwa ukucha. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuwashinda wengine.

Sasa siko ukumbini. Niko kibarazani kwangu, mbele ya cherehani yangu, lakini nje badala ya barabara kuna ngazi za Jumba. Unaingia kwanza uzuri wa mkwe wangu, unavuta kiti, unakaa. Mwenyewe anafika baadaye kidogo.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba, baba. Yusta yuko wapi?"

"Si huyo unamshona?"

Natazama mikono yangu. Gauni limekaa kwenye kiti cha wateja, limekunja nne, linakunywa chai yangu. Chini ya sindano yupo mwanangu. Nimeshamchora chaki ubavuni. Nimeshambana pini. Mguu wangu unakanyaga cherehani wenyewe, trrr, trrr, na mimi sisimami.

"Mama, hapa kushoto bado nimezidi," ananiambia Yusta. Anasema kwa upole, kama alivyokuwa akinishikia kitambaa akiwa mdogo.

"Inauma?"

"Kidogo. Jana ilikuwa inauma kwa sauti, leo haina sauti."

"Nani alikuambia umezidi?"

"Nilicheka mezani. Nikauliza habari za chumba cha juu. Nikataka kushuka gulioni kununua uzi. Mara tatu hizo, mama. Kila mara ananiambia, Mke, umezidi."

Nataka kutupa mkasi. Natia mshono mwingine. Kila ninapomaliza upande mmoja Yusta anakuwa mwembamba zaidi, na sauti yake inakuwa nyembamba pamoja naye, mpaka anabaki upana wa utepe. Naligeukia gauni kwa hasira.

"Wewe ndiye uliyetumwa kupunguzwa! Mbona umekaa?"

Gauni linaweka kikombe chini. "Fundi, miaka yote hiyo kwenye kazi bado hujaelewa? Mimi ni gauni la ukoo, sipunguzwi. Habari za kiuno changu husemwa kwa adabu tu, ili mama wa binti asishtuke. Wanaopunguzwa ni wao."

Bwana Ruben ananishukuru. Ana heshima kweli, sijui kama nimewaambia. Anamkunja mwanangu mara mbili kama unavyokunja utepe, anapanda naye ngazi. Mimi na gauni tunafuata. Juu kabisa kuna mlango mweusi. Anainama, anamwingiza Yusta kwa chini ya mlango, taratibu, kama mtu anayeingiza barua. Akajipangusa magoti. Uzuri wake ukatangulia kushuka, naye akashuka.

Nabaki na mlango.

"Fungua," nauambia.

"Vizuri," unajibu mlango. "Katika mambo ya namna hii unatakiwa uombe, mimi nikatae, kisha uombe tena."

"Fungua!"

Nikauona mlango unababaika, kama karani aliyeombwa fomu asiyoijua.

"Kwa kweli, mama, hapa ndipo panaponishinda," unasema. "Mama wa wale wengine walikuja, wakaomba mara moja, wakaambiwa amelala, wakarudi nyumbani kusubiri barua. Hakuna aliyewahi kuomba mara ya pili. Kwa hiyo ufunguo haukutengenezwa."

Nikapiga magoti, nikaweka sikio sakafuni. Kwa chini ya mlango nasikia wanawake wanapumua. Si mmoja.

"Yusta!"

"Mama." Sauti kama uzi. "Sisi tuliandika."

"Mliandika wapi? Sikupata barua hata moja!"

"Humu kinachotoka ni kitu kimoja tu. Tuliandika humo, kila mmoja kwa zamu yake. Lakini ninyi mnashika kiuno, mama. Mnashika kiuno tu."

Nikageuka. Gauni limesimama. Limekusanya pindo lake lote, limelikumbatia kifuani kama mwizi aliyekutwa na kuku.

"Pindo langu halina tatizo," linasema haraka. "Urefu uko sawa. Hukuambiwa pindo, fundi. Fundi hafumui asichoambiwa!"

Nina wembe mkononi. Nalirukia. Gauni linapiga kelele, na kelele yake ni ya jogoo wa jirani yangu, Mama Hilda.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Gauni lilining'inia kwenye msumari pale nilipoliacha, na chaki yangu kiunoni.

Nilikaa kitandani nikijiambia ni ndoto, ni ubwabwa wa jana. Halafu nikasimama, nikalitandaza mezani, nikaligeuza pindo. Kwa macho hakukuwa na kitu, kitambaa cheupe tu. Nikachukua wembe nikafumua kama shubiri moja, nikapitisha kidole kwa ndani.

Kidole kikakwama.

Ulikuwa mshono wa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza. Nikafunga macho, nikasoma kwa kidole. MAMA NJOO. Nikafumua zaidi. MAMA NJOO, uzi umeshakuwa wa njano. Mbele yake tena, mwandiko mwingine, mama mwingine. Mwandiko wa nne ulikuwa na uzi mpya. Na mwisho wa uzi kulikuwa na fundo, na fundo juu ya fundo, na mkia umerudishwa ndani ya mshono usionekane.

Fundo lile halifungwi na fundi mwingine yeyote hapa mjini. Nilimfundisha Yusta akiwa na miaka saba, amekaa juu ya debe pembeni ya cherehani, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zinafumuka. Nilimwambia, ukifunga hivi, hata usipokuwepo mshono utakaa.

Ndiyo maana naandika haya asubuhi hii kwenye daftari la vipimo, nimwachie Mama Hilda awasomee. Mwenye binti, tuma mtu akaulize. Usijibiwe na madirisha. Ukiambiwa amelala, omba mara ya pili, na ya tatu, ukae hapo hapo getini wakuone huna haya. Na nguo ya mtu mwingine ikija kwako kwa ajili ya mwanao, usianze na kiuno. Wale watatu nao walikuwa na mama zao. Gauni lilipita mikononi mwao likiwa limeandikwa, likarudi kileleni limepigwa pasi.

Balozi wetu wa nyumba kumi nimeshamwita, yuko kibarazani anafunga kamba za viatu, na wanaume wawili wa jirani wako naye. Nilikuwa nataka kufunga daftari ndipo nikasikia hodi. Bi Tabea, na shuka lake mkononi, amekuja kuchukua mzigo.

"Mama Yusta, kiuno tayari?"

"Kiuno sijakigusa," nikamwambia. "Nimefumua pindo."

Mama yule alishuka taratibu akakaa kizingitini, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Alimtazama balozi, akawatazama wale wanaume wawili, mwisho akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Basi twendeni sasa hivi," akasema. "Leo aliyelala ni bwana mwenyewe."