Tangi Alilofunga Mzee Bahizire

Mzee Bahizire hakuwa na ugomvi na baridi ya Minnesota. Ugomvi wake ulikuwa na maboksi. Miaka sita alikuwa akifunga maboksi kwenye ghala moja kule Savage, yeye aliyekuwa na gereji yake Bukavu, akifumua injini ya lori asubuhi na kuirudisha barabarani kabla jua halijazama. Ghalani walimwita Bob kwa sababu jina lake liliwashinda, na hakuna aliyewahi kumuuliza mikono ile ilikuwa ikifanya nini zamani. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali, hata mbele ya mkewe Vestine.

Kwa hiyo mkwe wake Chacha alipomwomba amfungie tangi jipya la mafuta kwenye pikipiki yake ya theluji, ile ya kuteleza isiyo na magurudumu, mzee alifurahi mpaka akasahau chakula mezani.

Chacha alikuwa Mtanzania, Mkurya wa Tarime, injinia aliyesomea hapo hapo Minneapolis na kumwoa Shekinah, binti pekee wa mzee. Walikaa Lakeville, kwenye nyumba yenye gereji pana. Wikiendi za baridi alikwenda kaskazini na wenzake wa kazini, huko ambako njia za theluji ni ndefu na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, na tangi la kiwandani lilikuwa halimfikishi. Akaagiza kubwa zaidi, la plastiki nyeusi. Kulifunga mwenyewe kungemchukua saa mbili tu. Lakini alimwona baba mkwe wake anavyonyauka kwa kukosa kazi ya ufundi, akamtafutia kazi. Ni wakwe wachache wanaofikiria hivyo.

Jumamosi hiyo mzee alifika kutoka Roseville na mfuko wake wa spana. Chacha akamwamkia shikamoo, kichwa chini, salamu ambayo huko Bukavu hawana, na ambayo mzee aliipenda kuliko zawadi yoyote. Tangi lilikuja na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Mzee akaitandika sakafuni apigie magoti. Alisema fundi hasomi karatasi, fundi anasikiliza chuma. Tangi lenyewe lilikuwa la plastiki, ila nani angethubutu kumkumbusha.

Kazi aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Alitoa kiti, akatoa tangi la zamani, akaingiza jipya, akabana bomba la mafuta mpaka lisivuje hata tone. Kisha akafika kwenye mrija mwembamba uliotoka juu ya tangi na kupanda hadi kwenye usukani, mdomo wake ukiwa wazi. Matangi yote aliyoyajua yalipumua kupitia kifuniko. Mrija huu aliuona ni wa kupoteza mafuta tu, na kwao, kwa barabara zile za mashimo, hakuna fundi mwenye akili aliyeacha tundu wazi juu ya tangi. Akakata kipande cha mpira, akaziba, akafunga kwa waya mizunguko minne. Hakujua kwamba kifuniko cha tangi lile hakipitishi hewa kabisa, na tangi lisiloingiza hewa haliachii mafuta.

Chacha alisimama pembeni akitazama. Mwisho alishukuru kwa mikono miwili.

Miezi miwili mambo yakaenda. Kila Jumapili baada ya ibada mzee alipitia Lakeville, akafunua boneti, akakagua kazi yake. Waya upo, mpira upo, harufu ya mafuta hakuna. Kanisani aliwaambia wenzake, kina Janvier, kwamba mkwe wake, pamoja na vyeti vyote vile ukutani, akitaka kazi ya kweli anamwita yeye. Watu wakaanza kumwita fundi, na kila alipoitwa hivyo aligeuka upesi.

Januari ya 2014 ilikuja na baridi iliyofunga hata shule. Chacha alikwenda kaskazini wiki iliyofuata, akarudi na mkono wa kulia uliofungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Pikipiki ilimzimikia katikati ya ziwa lililoganda, tangi likiwa limejaa. Alivua glavu aitengeneze, petroli ikamwagikia vidole. Petroli haigandi upesi kama maji. Katika baridi ile hubaki majimaji, ina ubaridi wa hewa yenyewe, na inaua nyama mara moja. Madaktari walikata vidole viwili.

Shekinah alimgombeza mumewe wiki nzima. Mtu mzima, tena injinia, anavuaje glavu mahali kama pale? Chacha alijibu kwamba ni uzembe wake. Mzee akamuunga mkono binti yake, akasema vijana hawaiheshimu baridi. Maneno hayo yanamchoma mpaka leo.

Kilichomfumbua macho ni waya. Alikwenda gereji kukagua, akakuta mrija uko wazi, na ndani ya kisanduku cha vifaa cha Chacha akakuta bunda la waya uleule, limepungua karibu nusu, pamoja na vipande vya mpira vilivyokatwa kwa kipimo chake yeye. Akakaa juu ya ndoo, akavitazama. Kisha akaingia sebuleni, akamkuta mkwe wake peke yake, mkono umewekwa juu ya mto.

“Huu waya ni wa kazi gani?”

Chacha alieleza huku anatazama sakafu. Aliuona mrija umezibwa tangu siku ile ya kwanza. Kila alipofika kaskazini alifungua waya na kutoa mpira kabla ya kuwasha, na kabla ya kurudi nyumbani aliziba tena, mizunguko minne, ili mzee akija Jumapili aikute kazi yake kama alivyoiacha. Mara hiyo wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka, akawafukuzia, akasahau. Ilipozimika, angeweza kulegeza kifuniko hewa iingie, lakini mafuta yangemwagika njia nzima, ndiyo maana akavua glavu afungue waya. Pikipiki ilikuwa imeinama juu ya bonge la barafu, na mrija ukamchomokea mkononi.

“Uliona tangu mwanzo,” mzee alisema. “Juu ya nini haukuniambia?”

“Ningeanzaje, Baba? Ulikuwa umefurahi.” Halafu akaomba msamaha.

Desturi ya kutomsahihisha baba mkwe Bahizire aliijua vizuri. Yeye mwenyewe asingemsahihisha baba yake Vestine hata kwa kutishiwa. Alichotaka ni kugombezwa. Alikwenda jikoni akamwambia Shekinah kwamba aliyeziba mrija ni yeye, kwamba vidole vile vimekatwa kwa sababu yake. Shekinah, aliyemfokea mumewe siku saba, akamshika baba yake bega na kusema asijilaumu, ni baridi tu. Nyumbani Vestine akasema hivyo hivyo. Ndipo mzee alipoona kwamba katika familia hii hakuna atakayemruhusu kuwa amekosa.

Mwezi Machi, Chacha alipoamua kuiuza pikipiki, mzee aliomba aifunge upya. Aliweka mrija mpya, mdomo wazi, ukitazama chini usiingize theluji. Kwenye bomba la mafuta akaacha klipu moja ya kulibana, ya skrubu, bila kuikaza, makusudi, mahali ambapo kila mtu angeiona. Akamwita mkwe wake, akamsihi akague na amwonyeshe kosa, hata liwe dogo namna gani.

Chacha akainama. Macho yake yalifika kwenye klipu, yakasimama hapo, yakapita.

“Sioni kosa, Baba.”

Mzee akasema ana kiu, anakwenda kunywa maji. Akatoka polepole, akarudishia mlango, akasimama upande wa pili bila kuwasha taa. Baada ya muda akasikia bisibisi ikizungushwa, inateleza, inaanza tena, kwa mkono wenye vidole vitatu. Akasubiri hapo mpaka klipu ikakazika.