Msindikizaji: Baba

Ushauri ulikuwa umemfika Tuntufye shingoni. Mumewe, Lugano, alijiunga na kundi la simu la wazazi watarajiwa, na kila jioni alirudi na somo jipya: pumua hivi, tembea vile, lala ubavu wa kushoto. Mama mkwe alikataza mayai, eti mtoto atazaliwa na kipara. Muuguzi wa zahanati alitaka beseni, kanga na pamba. Mimba moja, makocha watatu.

Lakini lililomchoma hasa ni kadi ya kliniki. Penye mpango wa kujifungua, mahali pa msindikizaji, Lugano aliandika bila kufikiri: Baba. Baba yupo nyumbani siku zote, alisema, na ana baiskeli. Muuguzi, mzaliwa wa Tabora, akausifu mpango. Hakujua kwamba katika ukoo ule mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, wala jina lake halitamki. Miaka miwili pale Ipyana, Tuntufye alimjua mzee kwa kikohozi tu: akikohoa, yeye anajificha migombani mpaka apite. Sasa huyo ndiye amsindikize leba! Alipolalamika, Lugano alisema hayo ni mambo ya zamani. Ya zamani, ndiyo, lakini si yeye atakayesemwa.

Jumamosi Lugano akampakia mama yake kwenye pikipiki kwenda msibani Ipinda. Mlio haujapotea, uchungu ukaanza. Simu ya Lugano haikupatikana.

Tuntufye alisimama nyuma ya mlango, kanga mdomoni. Uwanjani mzee alikuwa akigeuza kakao juani. Amwiteje? Akachukua sufuria, akaligonga kwa mwiko. Mzee akakohoa. Akagonga tena, kwa hasira.

"Wewe jogoo," mzee akamwambia jogoo aliyekuwa akidonoa pale, mgongo kaugeuzia mlango, "muulize huyo wa ndani kama ni leo."

"Jogoo, mwambie ni sasa hivi."

Akajifunika kanga uso mzima, akakaa kwenye keria ya baiskeli. Mzee akaendesha shingo ngumu, taratibu kama aliyebeba hayo mayai yaliyokatazwa. Mbaya zaidi, kila walipokutana na mzee mwenzake, alisimamisha baiskeli, akashuka kumsalimu. Ugonile, habari za mpunga, habari za ng'ombe. Tuntufye alihesabu wazee watatu na uchungu mara tano, na zahanati ilikuwa bado mbali. Kwa mzee wa nne, chupa ya uzazi ikapasuka.

"Ambilikile," alisema, na barabara nzima ikasikia, "kanyaga baiskeli!"

Mzee wa nne akabaki na mkono hewani. Ambilikile hakugeuka. Alipanda akakanyaga, akaruka madimbwi, akawapita wazee wengine wawili bila hata kuwapungia.

Walifika. Muuguzi alivaa glovu tu, mtoto akatoka, wa kike, na nywele tele.

Baadaye muuguzi alishika kalamu. Baba haitoshi, alisema, anataka jina kamili la msindikizaji. Tuntufye akainamisha kichwa kwa aibu. Muuguzi akauliza tena, sasa kwa ukali. Nje ya dirisha, mtu akakohoa.

"Andika Ambilikile," mzee alisema, mgongo bado kaugeuza. "Mwanangu ameniita, na mimi nimeitika."

Kisha akakohoa tena, kumpa nafasi ya kujificha. Tuntufye alikuwa amechoka mno. Akaiacha kanga pale ilipoangukia.