Mwenye Nyumba wa Florent

…tena samahani, hii itasimuliwa vibaya, maana kichwa cha Florent kimezoea kuanzia pale watu wanapocheka kisha kirudi nyuma kutafuta sababu, na humu ofisini kwa notaire hakuna anayecheka, mama wa watu anayeandika wosia ameinua kalamu, anangoja, bon, ya nyumba wamemaliza, ya hospitali wamemaliza, Arnaud ataruhusiwa kuingia, Arnaud ataongea na madaktari, sasa ameuliza, siku ya mazishi yako, Monsieur Florent, nani ataamua, na Arnaud pale pembeni anatazama viatu vyake kama vimeongea… mtaje basi, jina moja tu, kuna nini, lakini karatasi hiyo itasomwa mtaani Koekelberg, sebuleni kwa Tonton Hénock, mjomba wake, aliyempokea huku ughaibuni alipotoka Lubumbashi akamlaza kwenye kochi lake mpaka kochi likachukua umbo la Florent, na yeye Florent kwa shukrani akamfanya mchezo wa kuchekesha, jukwaani Ixelles, tonton anafika matangani akilia, kilio kinampeleka moja kwa moja mpaka kwenye televisheni, anaikumbatia, anatoka nayo, ukumbi hoi, na mchezo huohuo ndio uliowatia hofu ukawaleta hapa, ukoo usije ukamnyang'anya Arnaud nyumba na maiti kwa mpigo… huyu bwana ni nani kwako, notaire anauliza tena, taratibu, nani, siku ile Tonton alipanda ngazi bila kupiga simu, Arnaud katoka bafuni na taulo kiunoni, ulimi wa Florent ukatangulia, Tonton, huyu ni mwenye nyumba, amekuja kuangalia bomba, fundi gani wa taulo, usiku kitandani walicheka wote wawili, mwaka ule Arnaud alikuwa bado anacheka, na tangu hapo kila Noeli Tonton anamletea mwenye nyumba pondu, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli la kifuniko, anamshika mkono kwa mikono miwili, "Patron, uvumilie huyu mutoto, usimufukuze," na Arnaud anaitikia merci, tonton, anakula pondu, anaosha bakuli… kwa hiyo Tonton hataleta vita, na hilo ndilo baya zaidi, Florent anamwona kabisa, matanga ya Florent yamekwisha, nyumba imefagiliwa, Tonton kasimama mlangoni kwa heshima zake zote, "Patron, pole kwa kukusumbua, tumebeba vitu vyake yote, funguo ni hii," na Arnaud anaipokea, hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza, ila hata mahali pa kukaa mkekani alie hakupewa, tangu lini mwenye nyumba akamlilia mpangaji… notaire anakohoa kidogo, kalamu bado iko juu, macho ya Arnaud bado yako kwenye viatu, na Florent, baada ya miaka yote ya kuwachekesha watu kwa mwizi wa matanga, anamtazama mwizi huyo vizuri kwa mara ya kwanza, kumbe si Tonton, maskini Tonton alibeba televisheni tu, aliyembeba marehemu mzima na kumwachia mjane funguo ni marehemu mwenyewe, kwa ulimi wake.