Mabuti ya Mhina Hayajafika

Usingizi wa jana ulinichukua mkasi ukiwa bado mezani, na ndoto ikaanza papo hapo, uani kwangu, jua la alasiri likiwaka kana kwamba hakuna aliyelala.

Lakini kwanza myajue mabuti yenyewe. Ni mabuti ya mpira, meusi, ya marehemu mume wangu Mhina, aliyekuwa akikata mkonge kwenye shamba moja nje ya Muheza. Moyo wake ulisimama kazini. Yeye alirudishwa kwa gari, miguu mitupu. Mabuti yaliletwa baadaye na nyapara, ndani ya mfuko wa plastiki, na tangu siku hiyo yanakaa uani, kwenye beseni.

Yamepasuka visigino, hayavaliki tena. Jirani yangu Bi Riziki ameniambia niyakate shingo, niyatoboe chini, niyajaze udongo, nipande mrehani. Yeye ndiye bingwa wa mambo hayo. Amegeuza viatu vyote vya mumewe kuwa vyungu vya maua, na mumewe yu hai, anakwenda msikitini na ndala za mkewe.

Nimeshayachora chaki pa kukata. Kukata ndiko kulikonishinda. Naogopa nikiyakata, Mhina atakuwa amekwisha kabisa ndani ya nyumba hii.

Basi katika ndoto nimeshika mkasi, nabana buti la kulia juu ya chaki. Mkasi haukati.

"Mimi kiatu kilicho njiani sikikati," unasema mkasi, kwa sauti ya Bi Riziki kabisa, kwa kuwa ni wake, nimeuazima.

"Njiani wapi? Si hiki hapa kwenye beseni?"

"Kiulize chenyewe."

Buti la kulia likakohoa. "Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji." Sikushangaa hata kidogo. Kiatu kilichoshinda na mume wangu kutwa nzima, miaka yote ile, kingekuwa nani wangu kama si shemeji?

"Sisi hatujafika," likasema. "Asubuhi tulitoka kwa miguu yetu. Kurudi tukabebwa kwenye mfuko. Kubebwa si kufika."

"Na mwenzio mbona hasemi?"

"Huyo wa kushoto amelala. Ndivyo alivyo, hata shambani alikuwa akiburutwa."

Mkasi ukanikumbusha kanuni ya kwanza ya Bi Riziki: kiatu huoshwa mpaka maji yatoke meupe. Nikachota maji, nikamimina, nikakung'uta. Likatoka tope jekundu. Nikamimina tena, yakatoka makapi ya mkonge. Mara ya tatu ukatoka mkonge mzima na miiba yake, ukasimama uani ukajinyoosha. Nikaweka kata chini.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," ukasema mkasi.

Nikamimina. Ikatoka mikonge mingine, safu kwa safu, na reli nyembamba ya toroli katikati. Nilipoinua macho, ua haupo. Nimesimama shambani, na mabuti yako miguuni mwangu.

Ni makubwa. Mguu wangu mle ndani unapwaya kama kijiko ndani ya sufuria. Lakini si mimi ninayetembea. Mabuti yanatembea, mimi nafuatana nayo tu, nikishikilia kanga isinivuke.

Mikonge ya pembeni inanisalimu. "Mhina hajambo?" unauliza mmoja.

"Hajambo," najibu. Sikupata ulimi wa kusema vinginevyo, na kwa hatua chache nilifurahi kana kwamba ni kweli.

"Twende haraka," nayaambia mabuti, kwa maana nimeanza kuona bati la nyumba yangu kwa mbali. Nani ajuaye nitamkuta nani.

"Mwenda pole hajikwai," linasema la kulia. "Na huyu wa kushoto ana kisigino kibovu."

Tukaingia sebuleni kwangu, ila sebule ilikuwa ndefu kama barabara ya Korogwe, na makochi yamepangwa kando kama vituo. Tukaipita yote. Tukatokea kwenye kona ya nyumba yangu, pale penye ukuta wa Bi Riziki. Hapo mabuti yakasimama.

"Haya, tumekaribia," nasema. "Mlango ule pale."

"Tunangoja."

"Tunangoja nini?"

"Hapa Mhina husimama kila siku. Anafanya nini huku juu hatujui, sisi ni wa chini. Tunachojua ni kwamba mtu anaimba, naye hasogei. Wimbo ukiisha, ndipo tunakwenda."

Nikataka kubisha. Mhina kila siku alikuwa akichelewa, nami nikimnunia, naye akisema toroli, toroli lilikwama. Ndipo nikaisikia sauti kutoka jikoni kwangu.

Ni mimi. Naimba wimbo wa harusi ambao sijui ubeti wake wa pili, kwa hiyo narudia ule wa kwanza. Siku zote niliuimba akiwa hayupo. Akibisha hodi tu, nanyamaza kwa haya, kwa sababu sauti yangu ni mbaya. Naam, ni mbaya! Nimeisikia mwenyewe kutoka pale konani, inapanda pasipo ngazi na kushuka kwa kuanguka. Na mume wangu, aliyekata mkonge tangu alfajiri, alisimama juani kwa ajili ya sauti hii. Hakuniambia. Angeniambia, ningeacha kuimba, naye alilijua hilo.

Nikalia. Nilimtamani Mhina pale konani kuliko nilivyomtamani siku ya kumzika.

"Usilie, shemeji," linasema buti la kulia. "Tutakosa kusikia."

Tukasikiliza mpaka mwisho. Wimbo ulipokwisha, hata la kushoto liliamka, na mabuti yakaenda yenyewe hadi mlangoni. Mhina alikuwa na namna yake ya kuyavua. Alikanyaga kisigino cha buti la kushoto kwa mguu wa kulia, likatoka, kisha likamlalia mwenzake, na yote yakabaki yameelekea ndani. Mimi kila alfajiri niliyageuza yaelekee nje, ayakute tayari. Nikayavua vilevile kama yeye.

"Hodi," nikasema.

"Yaache hapo hapo," ikajibu sauti ya Mhina kutoka ndani, maneno yangu yale yale ya kila siku. "Nimedeki."

Nikainua mguu kuvuka kizingiti. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nililala kidogo nikitumaini nitarudi, nisirudi. Nikaenda uani na mkasi wangu wa kuazima. Beseni lilikuwa tupu.

Nikafungua mlango wa mbele. Mabuti yalikuwa kizingitini, yameelekea ndani, la kushoto limemlalia mwenzake.

Sikuyageuza. Niliketi kando yake, nikaanza ule ubeti wa kwanza, taratibu, kisha nikaurudia kwa sauti ya kusikika mpaka konani. Nilipomaliza, kichwa cha Bi Riziki kilikuwa juu ya ukuta.

"Shoga, nyimbo asubuhi yote hii! Umeshayakata?"

"Bado," nikamwambia. "Ndiyo kwanza yamefika. Niache yapumzike, mrehani nitaupanda jioni."