Adabu za Pande Mbili

Mkalimani alikuwa amesoma Korea kwa ufadhili wa serikali ya huko, na aliporudi wizara ikamwajiri. Mazungumzo ya kiwanda cha kuunganisha mabasi ya umeme yalipoanza, aliketishwa kwenye kichwa cha meza ndefu: Wakorea kulia, wenyeji kushoto, mbele yake maikrofoni yenye kukwaruza.

Kiongozi wa Wakorea alikuwa mhandisi mwembamba, mpole kupita kiasi. Kila alipoombwa kiwanda alivuta pumzi, kisha akasema atalitazama suala hilo kwa makini. Wenyeji wakambandika jina: Bwana Tutatazama. Naye mkurugenzi wa wizara, mtu wa kitambi na kicheko, kila alipoulizwa habari za kiwanja kilicho kando ya reli alijibu, "Hakuna shida, kinashughulikiwa."

Wizara nzima ilijua kiwanja kile kina kesi mahakamani. Mkalimani alijua pia kwamba kwa Wakorea, kulitazama jambo kwa makini ni njia ya kulikataa bila kumvunjia mtu heshima. Alitafsiri neno kwa neno, wiki ya kwanza, wiki ya pili, pande zote zikitabasamu.

Asubuhi moja mkurugenzi akasema, "Mwambie kwamba waziri anakuja Ijumaa kuweka jiwe la msingi la kiwanda."

Mhandisi akavuta pumzi. Watalitazama.

"Anasema hapana," mkalimani akasema kwenye maikrofoni.

"Kasema hivyo?" mkurugenzi akauliza.

"Hajasema, bosi. Amemaanisha."

Kisha akawageukia Wakorea, akawaeleza kwa lugha yao kwamba kiwanja kina kesi, na hakuna ajuaye itaisha lini.

"Umewaambia nini, binti?"

"Habari ya kiwanja."

Mhandisi alivua miwani, akaifuta. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa kirefu. Wakubwa wake walimruhusu kujenga karakana ya mafunzo tu. Aliona aibu kulisema hilo, kwa jinsi alivyopokewa vizuri. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akacheka kicheko kikavu, akakiri na yake: nao waliona haya kuwarudisha wageni mikono mitupu. Hadi jioni walikuwa wamekubaliana. Karakana ingejengwa nyuma ya gereji ya serikali, mashine zikitoka Korea.

Mkurugenzi alimwita mkalimani koridoni. Hakufoka.

"Kazi yako ni kutafsiri, si kuropoka. Leo umetufaa. Siku nyingine utatuangusha. Kuanzia kesho atakaa mwingine."

Mkalimani hakubisha. Aliona bosi ana haki.

Nyumbani mama yake aliacha kukunja nguo.

"Yaani wamekuondoa kwa kusema ukweli?"

"Kwa kuusema kwa niaba ya watu, mama. Sikutumwa."

"Na ungerudishwa pale, ungenyamaza?"

Alifikiri. "Sijui. Nilikuwa nimechoka."

"Haya, vua viatu ule."

Mwaka uliofuata karakana ilifunguliwa, na mafundi wa kwanza wakachaguliwa kwenda Korea kujifunza. Walihitaji lugha, na mhandisi akapendekeza mwalimu. Mkurugenzi aliguna, akaidhinisha. Mkalimani akapewa chumba juu ya gereji, chenye ubao na madawati ya kuazima. Kelele za spana zilipanda hadi dirishani, ikambidi apaze sauti. Alianza na salamu, kisha majina ya vyuma.