Kiholanzi cha Bibi Doreen

Kila Ijumaa, pale sokoni Deventer, Uholanzi, Doreen Thackray na muuza jibini walibishana yaleyale.

"Nusu kilo ya ile iliyokomaa, tafadhali," Doreen alisema kwa Kiholanzi, polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

Muuzaji akamjibu kwa Kiingereza. "Nikukatie vipande, mama, au unaibeba hivihivi?"

"Nimekuambia kwa Kiholanzi."

"Na nimekuelewa. Lakini foleni imefika kanisani. Kwa Kiingereza tutamaliza leo."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, ingawa sentensi ile alikuwa akiifanyia mazoezi tangu alipoamka. Ndivyo walivyo watu wa huko. Ulimi wako ukijikwaa kidogo tu, wanakuonea huruma, wanahamia Kiingereza, na huruma hiyo inakuacha nje ya mlango mwaka mzima.

Doreen hakuja kutalii. Mwanawe wa pekee, Stuart, alioa huko na akafia huko; moyo ulisimama akiwa kazini, binti yake Pleun akiwa na miaka mitatu. Doreen alikaa kwao Grimsby, Uingereza, mwaka na ushei akitazama kuta, kisha akauza nyumba, akahamia mtaa wa tatu kutoka kwa mkwewe, Marloes. Alitaka kitu kimoja tu: mjukuu aongee naye.

Siku ya kwanza alimsemesha kwa Kiingereza, maana hakuwa na kingine. Mtoto akaingia chini ya meza, akakaa huko. Kesho yake vilevile, na wiki iliyofuata vilevile. Hanielewi, Doreen akajiambia, ananiogopa. Akajiandikisha darasani, na tangu hapo, Pleun akiwa karibu, hakutamka tena neno la Kiingereza. Miezi minane alimpa yale machache aliyokuwa nayo: viatu, mvua, bata, njaa. Mtoto alitoka chini ya meza, ni kweli, lakini akawa anampita bibi yake kama anavyolipita kabati.

Basi tumaini lote akaliweka kwenye siku ambayo Pleun angetimiza miaka mitano. Aliandika hadithi, mwalimu akamsahihishia: Stuart, akiwa na miaka mitano, alijificha kwenye kapu la nguo chafu, mtaa mzima ukamtafuta, polisi wakaitwa, kumbe kalala humo na soksi kichwani. Aliikariri jikoni, akaikariri njiani mpaka wapita njia wakageuka.

Siku ilipofika, viti vilipangwa duara sebuleni. Kwanza Doreen aliingia chooni kuipitia hadithi mara ya mwisho. Ukutani, kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa ambayo Waholanzi huitundika chooni, jina la Stuart lilikuwa bado lipo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna aliyelifuta. Akatoka, akazunguka duara kama desturi ya huko inavyotaka, akimpa kila mtu mkono: hongera kwa mwanao, hongera kwa mpwa wako, hongera kwa mtoto wa jirani yako. Mzee Wubbo, baba yake Marloes, akaung'ang'ania mkono wake.

"Hongera na wewe kwa mjukuu wetu. Umetuletea keki au sarufi?"

"Vyote. Keki ndiyo haina makosa."

Kisha akasimama, akaisimulia hadithi yake. Hakukwama hata mara moja. Watu wakapiga makofi, na jirani mmoja akamsifu kwamba Kiholanzi chake kimenyooka. Akamsifu kwa Kiingereza. Pleun alikuwa ameukazia macho mdomo wa bibi yake muda wote. Ilipokwisha, alimnong'oneza mama yake kitu, akaenda kuketi chini ya meza peke yake.

Doreen akamfuata Marloes jikoni. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea." Marloes alikuwa akikata keki. "Nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Ameniuliza lini utaongea tena kama baba. Stuart alimwongelesha Kiingereza tu. Lafudhi ileile, Doreen, ya kwenu ileile. Ulipofika, alikaa chini ya meza kwa sababu kule haoni uso wako. Anasikia tu."

Doreen akashika ukingo wa sinki. "Miezi minane. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajitahidi mno." Kisu kilitua. "Na mimi sikuweza kuvumilia kuisikia lafudhi ile. Ulipoacha, nilishukuru."

Doreen akarudi sebuleni, akapiga magoti huku yakilia, akaingia chini ya meza. Akasimulia upya, kwa Kiingereza cha Grimsby, kapu, polisi, soksi. Pleun alifumba macho, akamwegemea begani. Hadithi ilipoisha akauliza kwa Kiholanzi, "Umesema nini?"

Doreen alilielewa swali lile bila kulitafuta kichwani, kwa mara ya kwanza tangu aje. Akaelewa pia kwamba maneno ya Kiingereza aliyoachiwa na baba yake yalikuwa yamekwisha kumtoka mtoto, na kwamba pengine miezi minane iliyopita yalikuwa bado yamo. Akaanza kumjibu kwa Kiholanzi.

Pleun akamwekea kiganja mdomoni. "Siyo hivyo. Ile nyingine."

Kwa hiyo Doreen akaongea ile nyingine. Hadithi zilimwishia, akataja vituo vya basi kutoka kwao hadi gatini, kimoja baada ya kingine, na mtoto akasikiliza kila kimoja. Jikoni hapakusikika kisu wala sahani. Watu kwenye duara wakaendelea kuisubiri keki.